Laini Peke Yake Haitoshi

Kila anayetafsiri mashairi ya Kiingereza kwa Kiswahili hukutana mapema na kundi dogo la sifa ambazo Waingereza huzitamka bila kufikiri, na ambazo humtoa Mswahili jasho. Ni sifa za vitu vyembamba na vyepesi, vinavyopendeza na kuharibika upesi: uzi wa buibui, sauti ya mtoto, tabia ya muungwana, jambo lisilosemwa hadharani. Kubwa lao ni "delicate". Pembeni mwake wamo "fine" na "subtle". Mtafsiri hufungua kamusi, huona laini, huandika laini, kisha huendelea na safari. Akifika ubeti wa tatu amekwisha kuandika laini mara nne, na shairi lililokuwa na miinuko na mabonde limekuwa kama ubao uliopigwa randa na fundi asiyejua kusimama.

Lawama ya jambo hili kwa kawaida hutupiwa lugha. Husemwa kwamba Kiswahili kina maneno mengi ya vitu vinavyoshikika na machache ya vitu vinavyohisiwa tu. Visiwani lawama hiyo ina sura yake ya pili, nayo ni kwamba ufukara huo ni wa Kiswahili cha Bara, cha Kariakoo na Gerezani, na anayetafuta maneno mororo hana budi avuke maji arudi Unguja, Pemba au Lamu. Madai yote mawili yanastahili kupimwa, na mahali pa kuyapimia ni hapohapo panapodhaniwa hapana kitu.

Gerezani ni kata ya Ilala iliyokaa kati ya soko la Kariakoo na mkono wa bahari unaoitwa kwa jina hilohilo. Jina lake ni la gereza. Jina la jirani yake limetokana na kikosi cha wapagazi wa jeshi la Waingereza katika Vita Kuu ya Kwanza, ambacho Kiingereza chake kilisagwa na ndimi za wenyeji hadi kikawa Kariakoo. Majina hayo hayaahidi ulaini wowote. Anayepita huko hulakiwa na nyundo juu ya bati, cheche za kuchomelea, vipuri vya magari na vyuma chakavu.

Lakini sikio likizoea kelele husikia jambo jingine. Fundi wa chuma huanza na tupa, huja kwenye msasa mkali, humaliza na msasa laini. Karatasi zake huzitaja kwa namba, na kidole chake hutambua tofauti ambayo jicho la mteja halioni. Msasa wenyewe kwa asili ni mti. Majani yake hukwaruza, na mafundi wa zamani waliyatumia kulainishia mbao kabla ya karatasi ya dukani kufika. Leo neno hilo limetoka karakana likaingia ofisini: mwalimu au mwandishi wa habari anayepelekwa mafunzoni husemwa amekwenda kupigwa msasa. Yaani Kiswahili kilipotaka neno la kutakata kwa akili na ujuzi, kilikwenda kuliazima kwa fundi.

Hali ni hiyo upande wa soko. Muuza vitambaa wa Mtaa wa Kongo hatosheki na laini. Kwake kitambaa ni chepesi au kizito, kinateleza au kinakwaruza, kinapitisha hewa au kinatia joto, kinaonyesha au hakionyeshi. Na wazee wa biashara hiyo wangali wanaijua melimeli, nguo nyembamba ya pamba ambayo jina lake peke yake lilitosha kuwa sifa. Muuza unga hutenganisha sembe na dona. Watu hawa wote wana mizani za wembamba na ulaini, na kila mmoja anapimia kitu chake. Hapo ndipo penye siri ya suala zima.

Kiingereza hukusanya sifa hizi katika neno moja na kuliacha litembee juu ya vitu vyote. Kiswahili hukiangalia kitu kwanza, kisha hukipa sifa inayokistahili. Upepo wa kupendeza ni mwanana. Ngozi ni nyororo, na sauti tamu ni nyororo pia. Ila sauti nyembamba ni ile ya juu inayochoma masikio, na anayeliandika neno hilo kwa kusifu atakuwa ametukana. Chakula kilichoiva vizuri ni teketeke. Kikizidi maji ni tepetepe, na hapo ni lawama. Amani iliyo karibu kuvunjika iko katika hali tete. Jambo lisilotajwa ovyo ni nyeti. Mavazi ya anayejua kuvaa ni maridadi, mwendo wake una madaha, usemi wake una umbuji, mwenendo wake una haya na jamala. Mlango wa Mji Mkongwe una nakshi. Kofia ina darizi. Zawadi adimu ni tunu. Mwenye moyo wa upole na huruma ni latifu. Mwingereza angeweza kupita katika aya hii yote kwa maneno yake mawili au matatu. Ni nani basi aliye fukara?

Swali hilo lisije likageuka majivuno. Neno moja linalotembea juu ya vitu vingi lina nguvu yake, na nguvu hiyo itaonekana mbele. Linalobainika hapa ni kwamba mtafsiri wetu hakukosa maneno. Alikosa kuuliza ni kitu gani kinachosifiwa.

Inafaa pia kukumbuka kwamba maneno ya Kiingereza yenyewe hayakuzaliwa katika majumba ya anasa pekee. "Fine" ilipita katika Kifaransa ikitoka kwenye neno la Kilatini la mwisho: kilicho "fine" ni kile kilichofikishwa mwisho wake, kikakamilishwa. Shina hilo limefika Kariakoo mara tatu, kila mara kwa kazi nyingine. Limefika kama faini, ya mahakamani na ya barabarani. Limefika kama fainali, neno ambalo eneo lililozaa Simba na Yanga lisingeweza kulikosa. Na limefika kama finishingi, ambayo fundi huitaja anapomwambia mteja kwamba kazi imekwisha ila finishingi bado. Katika safari zote tatu halikufika kama sifa ya uzuri. Lakini lile la fundi ndilo lililo karibu zaidi na maana ya kale, kwa kuwa kwake uzuri ni hatua ya mwisho ya kazi. "Subtle" nalo wajuzi wa asili za maneno hulirudisha kwenye kitanda cha mfumaji na nyuzi zake. Ikiwa wembamba wa Kiingereza ulizaliwa kwenye karakana na kwenye mtambo wa kufumia, hapana aibu kwa wembamba wa Kiswahili kutafutwa Gerezani.

Kwa nini basi laini hushinda daima? Sababu ziko katika ufundi wa shairi, na mtunzi yeyote atazitambua. Neno hilo, lililotoka Kiarabu, halibadiliki kwa ngeli: nguo laini, maji laini, mtu laini. Lina mizani tatu kamili, wala haligombani na mishororo ya nane kwa nane. Zaidi ya yote, linaishia kwa kina cha -ni, kina kilicho rahisi kuliko vyote katika lugha yetu, kwa kuwa kila mahali huishia hapo: nyumbani, baharini, moyoni, Gerezani. Ukilinganisha nalo, -ororo ni mzigo. Hudai upatanisho, leo mwororo, kesho nyororo, kesho kutwa mororo, na kina chake cha -ro hakina jamaa wengi. Kwa hiyo mtafsiri aliyechoka huvutwa kwenye laini kama maji yanavyovutwa mtaroni, na hujidanganya kwamba ameongozwa na maana, kumbe ameongozwa na kina.

Wakati nao umeongeza taabu. Tangu simu za mkononi zienee, laini ni ile kadi ndogo ya simu, inayouzwa chini ya miavuli katika kila pembe ya Kariakoo. Laini hii ya pili ni ya Kiingereza, na asili yake ya mbali ni Kilatini, katika neno la uzi wa kitani. Maneno mawili yaliyotoka pande mbili za dunia yamekutana yakavaa sura moja. Mshairi anayemsifu mpenzi kwa neno hilo leo hana budi ajue kwamba msomaji mmoja kati ya wasomaji wake atatabasamu pasipotakiwa.

Mtihani mkubwa wa jambo hili katika tafsiri zetu ni Shakespeare. Julius Nyerere alitoa tafsiri yake ya Julius Caesar mwaka 1963, akaisahihisha ikatoka tena mwaka 1969 kwa jina la Juliasi Kaizari, mwaka uleule wa Mabepari wa Venisi. Dhamiri yake aliieleza wazi: lugha huongezeka upana kwa kutumiwa. Samuel Mushi aliifuata njia hiyo kwa Makbeth, mwaka 1968, na Tufani, mwaka 1969. Makala haya hayakusudii kuihukumu kazi ya Mushi. Yanakusudia kuutazama mlima uliokuwa mbele yake, na ambao uko mbele ya kila atakayezitafsiri tamthilia hizo mbili baada yake.

Katika Tufani, lile neno "delicate" halikutawanywa ovyo. Prospero, mtawala aliyefukuzwa akawa mchawi wa kisiwa, humwita nalo Ariel, roho wa hewa anayemtumikia, na humwita hivyo zaidi ya mara moja: anapomkumbusha jinsi alivyokataa amri chafu za mchawi aliyetangulia, anapomwahidi uhuru, na anapomjibu kwamba anampenda. Kisha mmoja wa waliookoka baharini analitumia kwa kusifu hali ya hewa ya kisiwa. Mwenzake analidaka papo hapo na kulitupia mwanamke kwa mzaha. Hatimaye mlevi Stephano analitumia kwa kiumbe chenye miguu minne na sauti mbili, ambacho kwa kweli ni watu wawili chini ya joho moja. Roho, hewa, mwanamke, zimwi: neno moja limewapitia wote, na kila linapotua hubadilika thamani. Midomoni mwa Prospero ni upendo wa bwana anayejua kwamba siku moja atamwachia huru mtumishi wake. Midomoni mwa mlevi ni sarafu ileile iliyoanguka matopeni.

Hapa ile kanuni ya kuangalia kitu kwanza inamtia mtafsiri mtegoni. Akimwita Ariel mwepesi, hewa mwanana, mwanamke maridadi na zimwi zuri, kila sifa itakuwa imekaa mahali pake, na kila mstari utasifiwa. Lakini uzi utakuwa umekatika. Msikilizaji hatajua kwamba mlevi ameliokota neno la Prospero. Mzaha utakuwa mzaha tu, na lile swali la tamthilia nzima, ni nani kisiwani anayestahili kuitwa kwa upole na ni nani anayestahili kuchekwa, litakuwa limepoteza kamba yake. Penye kurudia kwa makusudi, mtafsiri hutakiwa atafute neno moja litakalowabeba wote wanne.

Laini haliwezi. Roho laini ni roho isiyo na umbo wala msimamo, na zimwi laini ni zimwi la kubonyezwa kwa kidole. Nyororo lina ngozi ndani yake. Likimfaa mwanamke wa mzaha, halimfai Ariel asiye na mwili. Latifu ndilo lililo karibu zaidi kwa maana, kwa kuwa katika Kiarabu chake limebeba wembamba na upole kwa pamoja. Tena lina undugu wa mbali unaostahili kutajwa. Shaaban Robert alipoweka mashairi ya Omar Khayyam katika Kiswahili, alipitia Kiingereza cha FitzGerald. Na Kiajemi cha Khayyam kinalo latifu vilevile kama Kiswahili, kwa urithi uleule wa Kiarabu. Neno ambalo lugha mbili za Bahari ya Hindi zinalo kwa pamoja hulazimika kupita London, na huko njiani laweza kuvuliwa nguo na kurudi kama mgeni. Anayetafsiri kupitia lugha ya tatu hana budi aulize kila mara kama nyumbani mwake hamna tayari kile anachokwenda kukinunua mbali. Hata hivyo, kwa Tufani, latifu lina pingamizi moja lisiloondoka. Ni neno la dua, na mzizi wake ni miongoni mwa yale majina tisini na tisa. Kumpachika zimwi wa mlevi neno hilo ni kukwaza hadhira ambayo Shakespeare hakukusudia kuikwaza.

Linabaki mwanana. Ni neno la upepo, na Ariel ni roho wa hewa; kwa hiyo linamkaa kabla ya kuelezwa. Kwa hewa ya kisiwa halihitaji utetezi wowote, kwani huko ndiko kwao. Kwa mwanamke, sikio la Mswahili husikia mwana ndani yake, na mzaha hupata mahali pa kushika. Na zimwi mwanana ni kichekesho cha kweli, kwa sababu kila aliyekaa pwani anajua neno hilo ni la nini, na kuliona limevalishwa jitu la miguu minne kunachekesha kabla mchekeshaji hajafika mwisho wa sentensi. Lina mizani tatu kama laini, halibadiliki kwa ngeli kama laini, na kina chake cha -na hakiwi haba. Kila faida ya ufundi iliyomvuta mtafsiri mchovu kwenye laini ilikuwako hapa pia.

Neno hilo linafaa hata ng'ambo ya Tufani. Katika Makbeth, mfalme Duncan na jemadari Banquo wanafika mbele ya ngome, na Banquo, akiwatazama ndege wa jamii ya mbayuwayu waliojenga viota kutani, anaisifu hewa ya pale kwa neno lilelile. Usiku huo mfalme anauawa ndani ya ngome hiyo. Mtafsiri akisema hewa ni safi, atakuwa ametoa taarifa ya daktari. Akisema ni mwanana, baharia na mkewe wataelewa zaidi ya walivyoambiwa, kwa kuwa upepo mwanana wa jioni haujamdhamini mtu na usiku utakaofuata. Lakini neno hilo si amri ya kila mahali. Othello anapoutaja ufundi wa Desdemona kwa sindano, Shakespeare anatumia tena "delicate", na hapo hapana uzi wa kulindwa kama ule wa Tufani. Hapo neno ni la darizi, la mkono mwepesi, la kofia inayokamilika kwa miezi. Na anayeandika mwanana kwa sababu tu amelipenda atakuwa ametenda kosa lilelile la laini, kwa jina jipya.

Haifai kuficha gharama. Mwanana halivunjiki. Ndani ya "delicate" mna hofu ndogo kwamba kitu hiki kizuri kitaharibika kikishikwa vibaya, na hofu hiyo imo katika tete, imo kidogo katika nyeti, haimo katika upepo. Anayemwita Ariel mwanana amepata wepesi, upole na hewa, amepoteza udhaifu. Pengine udhaifu huo waweza kurudishwa mahali pengine katika mstari, kwa kitenzi au kwa mpangilio wa sauti, pengine hauwezi. Mtafsiri mwema ni yule ajuaye alicholipa. Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi, lakini mhunzi asiyeona kwamba koleo limevunjika ataunguza mkono.

Sasa yarudiwe yale madai mawili ya mwanzo. Lile la kwamba Kiswahili ni fukara wa sifa hizi limekwisha. Lile la kwamba utajiri wake uko visiwani pekee nalo halisimami. Ni kweli kwamba mwanana ni neno la bahari, na kwamba lugha ya visiwani na ya mwambao imelitunza vizuri. Lakini Gerezani nayo iko ukingoni mwa maji hayohayo. Neno hilo linajulikana huko, na linasubiri tu mtu wa kuliweka mahali linapostahili. Na Gerezani ina jambo ambalo washairi wa visiwani wangefaidika nalo, yaani tabia ya kukigusa kitu kabla ya kukitaja. Fundi hakiiti chuma laini mpaka amekipitishia kidole. Ni wangapi kati ya watafsiri wa mashairi waliokipitishia kidole wanachokitafsiri?

Kazi iliyobaki ni ya wazi. Zipo tamthilia nyingi za Shakespeare ambazo bado hazijasemeshwa Kiswahili, na zile zilizotafsiriwa katika miaka ya 1960 zinastahili kutafsiriwa upya na kizazi kingine, bila kuzivunjia heshima zile za kwanza. Atakayeifanya kazi hiyo atahitaji kamusi, naam. Atahitaji pia asubuhi kadhaa kwa wauza vitambaa wa Mtaa wa Kongo, asubuhi nyingine kwa mafundi wa Gerezani, na jioni moja ufukweni upepo unapogeuka. Huko atayakuta maneno yake yakiwa kazini, kila moja limeshika kitu chake.